Hoki vyuoni: Kwa nini timu huvuma leo na kufifia kesho

MWANAFUNZI wa chuo kikuu anayeishi Hurlingham, magharibi mwa jiji la Nairobi, na ambaye hucheza hoki, hana budi kupanda matatu mbili ili kufika uwanja wa City Park. Ya kwanza humfikisha katikati ya jiji, na ya pili humpeleka Parklands, kupitia Barabara ya Limuru. Nauli ni juu yake, na gongo hulibeba mwenyewe.

Safari hiyo inadokeza sababu mojawapo inayofanya bahati ya timu za vyuo katika mchezo huu ibadilike kila baada ya miaka michache.

Hoki ya vyuoni huanzia kwenye mashindano ya ndani, ambapo kitivo hupambana na kitivo, au bweni na bweni. Huko ndiko wanagenzi hushika gongo kwa mara ya kwanza, wakicheza bega kwa bega na wenzao waliojifunza mchezo katika shule za sekondari. Walio bora huteuliwa kuingia katika timu ya chuo. Baadhi ya timu hizo, zikiwemo za Strathmore na USIU-Africa, zimewahi kucheza katika ligi kuu ya taifa.

Tatizo ni kwamba chuo hakina mchezaji wa kudumu. Klabu ya kawaida inaweza kukaa na nahodha wake kwa miaka kumi, lakini masomo ya shahada nyingi nchini huchukua miaka minne. Kikosi kinapoanza kuelewana, nusu yake huvaa majoho ya mahafali na kuondoka. Chuo ambacho kimepuuza mashindano ya ndani hujikuta hakina wa kujaza nafasi hizo.

Hali haikuwa hivyo zamani. Kenya ilishiriki hoki ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka wa 1956, na mwaka wa 1971 ikamaliza katika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia, jijini Barcelona. Nguzo ya mafanikio hayo ilikuwa klabu za jamii ya Waasia, hasa Masingasinga, ambako mtoto alirithi mchezo kutoka kwa baba na ami zake. Humo ndimo alimotoka Avtar Singh Sohal, aliyecheza katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972.

Familia nyingi za jamii hiyo zilipohamia Uingereza na kwingineko, urithi huo ulipungua. Kisha mchezo wenyewe ukabadilika. Katika Olimpiki za Montreal mwaka wa 1976, ambazo Kenya na mataifa mengine mengi ya Afrika yalizigomea, hoki ilichezwa kwenye nyasi bandia. Juu ya nyasi hizo mpira hukimbia kwa kasi na bila kurukaruka, hivyo mchezaji aliyefunzwa kwenye uwanja wa nyasi za kawaida hulazimika kujifunza upya namna ya kuupokea na kuupiga.

Uwanja wa City Park ulitumika kwa hoki katika Michezo ya Afrika iliyoandaliwa Nairobi mwaka wa 1987. Mwaka uliofuata Kenya ilicheza mjini Seoul, na tangu hapo timu yake ya wanaume haijarudi tena katika Olimpiki.

Gharama nazo ni mzigo. Katika kandanda, mpira mmoja huwatosha wachezaji ishirini na wawili. Katika hoki, kila mchezaji anahitaji gongo lake, na mlinda lango hawezi kusimama golini bila kofia ngumu, kinga ya kifua na ya miguu. Timu ya kitivo isiyo na mfadhili huazimana vifaa hivyo.

Hata hivyo, dawa si ghali kama inavyodhaniwa. Magongo machache ya akiba, saa kadhaa za uwanja kila wiki na ratiba isiyovunjwa ya mashindano ya ndani hukipa chuo wachezaji wapya kila mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Chuo kinachosubiri hadi timu kubwa ishuke daraja ndipo kitafute vijana, huwa kimechelewa kwa miaka minne.