Malazi ya Mgeni katika Nchi ya Kilimanjaro

Mgeni afikapo katika nchi asiyoijua, neno la kwanza aulizalo ni hili: Je, nitalala wapi? Katika nchi ya Kilimanjaro swali hilo lina uzito, kwa maana huku mtu aweza kuponzwa na malazi yake, katika mali, na huko juu mlimani hata katika uhai.

Zamani hapakuwa na nyumba za kulala kwa malipo. Mgeni alilala kwa mangi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akafika Kilema, akapokewa na Mangi Masaki. Katika safari ile ndipo alipoiona theluji ya Kibo, na wataalamu wengine wa Ulaya walipopata habari yake hawakusadiki. Mwaka uliofuata alikuwa Machame kwa Mangi Mamkinga. Huko aliombwa zawadi tena na tena, hata vitu alivyochukua kwa ajili ya njia vikamwishia, ikambidi arudi pwani asiweze kwenda bara kama alivyokusudia. Lakini msimlaumu Mamkinga upesi. Mgeni alilindwa na mangi na watu wake, na ulinzi haukuwa bure. Taabu ilikuwa kwamba bei yake haikutajwa mapema.

Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, mji ulikua kando ya stesheni, chini ya kile kilima cha Old Moshi walipokaa wamangi. Abiria wa gari la moshi hakuwa mgeni wa mtu. Alihitaji kitanda cha kulipia. Basi zikaja hoteli na nyumba za wageni. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, yaani KNCU, kilikuwa na hosteli katika jengo lake mjini. Kanisa la Kiluteri nalo lina nyumba ya wageni iitwayo Uhuru. Msafiri mwenye fedha chache hutafuta gesti karibu na soko. Huko na aulize bei kabla ya kuweka mzigo chini, atazame kitasa na chandarua, maana mji uko chini penye joto na mbu.

Atakaye kuona migomba, mifereji na akina mama wakiuza ndizi sokoni, heri apande akalale Marangu. Hoteli ya Kibo ilitangulia huko. Hoteli ya Marangu ilianza kuwa shamba la kahawa, ikaanza kupokea wageni miaka ya 1930. Usiku huko ni baridi, na blanketi moja halitoshi.

Juu ya Marangu, nyumba za kulala ni tatu. Ya kwanza ni Mandara, kadiri ya mita 2,700, ndani ya msitu. Ya pili ni Horombo, mita 3,700. Ya tatu ni Kibo, mita 4,700, iliyojengwa kwanza mwaka 1932. Mbili za chini Wajerumani waliziita Bismarck na Peters. Sasa zina majina ya wamangi wetu, Mandara wa Moshi na Horombo wa Keni, na mimi naona hayo ndiyo majina yapasayo. Katika njia nyingine za mlima wageni hulala hemani.

Nyumba hizo hazikuwekwa mbalimbali kwa ajili ya uchovu wa miguu tu. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi, na mwili wahitaji siku ili kuizoea. Kijana mwenye nguvu aweza kuipita Horombo mchana akiona usiku mmoja pale ni hasara. Kichwa humwuma, hutapika, na akizidi kukaidi, maji huingia mapafuni au ubongo huvimba, akafa. Dawa ya kwanza ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku. Kwa hiyo waongozaji wengi huwashauri wageni walale Horombo siku mbili.

Kibo hakuna maji. Kila tone la chai linalonywewa pale limepandishwa na wapagazi kutoka chini. Mgeni hulala mapema, lakini usingizi ni haba. Karibu na saa sita usiku huamshwa, apande gizani kuelekea kilele, mita 5,895. Akirudi hupumzika kidogo, kisha siku iyo hiyo hushuka kulala Horombo.