Sura ya Tano: Tezi ya Shingoni na Chumvi ya Jikoni

Mtu akinenepa bila sababu, nywele zikimkatika na hedhi ikienda mrama, hakosi wa kumwambia kwamba homoni zake zimevurugika na kumuuzia chupa ya kuzisafisha. Mwili una homoni nyingi, kila moja ina tezi yake na kazi yake, wala hakuna chai inayozisawazisha zote kwa pamoja. Swali la kwanza ni homoni ipi. Nimeipa tezi ya thairoidi sura nzima kwa sababu dalili zake husingiziwa mambo mengine mno, na kwa sababu inachohitaji kwa asili kinajulikana vizuri na kinapatikana kwa bei ya chumvi.

Tezi hii imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, joto, utumbo, hata fikra. Zikipungua, kila kitu hupoa. Mtu anajitanda khanga wakati wenzake wanafungua madirisha. Analala usiku kucha na anaamka amechoka. Choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, uso unavimba, sauti inakwaruza, damu ya hedhi inatoka nyingi. Mambo haya huja polepole, kwa miezi, na ndiyo maana nyumbani huanza kumwita mvivu. Neno hilo limewaumiza wagonjwa wengi wasio na kosa. Homoni zikizidi, mambo hugeuka: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka, mtu anakula sana na bado anakonda, na wengine macho hutokeza.

Hata hivyo, uchovu na nywele kukatika vinaweza kutokana na upungufu wa damu, sonona, au mabadiliko ya mwili baada ya kujifungua. Kinachokata shauri ni kipimo cha damu kiitwacho TSH. Hapa wengi husoma karatasi ya majibu kinyume. TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikilegea, pituitari huongeza amri. Kwa hiyo TSH iliyopanda kwa kawaida ina maana kwamba thairoidi imechoka. Na kabla ya kupima, mwambie daktari kama unameza vidonge vya kukuza nywele: vingi vina biotini nyingi, nayo inaweza kuharibu majibu. Wanawake ambao nywele zinawakatika ndio hasa wanaovinunua.

Sasa chumvi. Thairoidi hutengeneza homoni zake kwa madini joto, yaani iodini, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Samaki wa baharini wanayo. Udongo wa milimani umesuuzwa na mvua kwa karne nyingi, hivyo mahindi na maharage yake hayana ya kutosha. Ndiyo maana rovu lilizoeleka sana katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania: tezi inayokosa madini hayo huvimba ikijitahidi kunasa hata kidogo kilichopo.

Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kiliongeza somo jingine. Madaktari waliokichunguza miaka ya 1960 walikuta madini joto ni machache kote, lakini rovu lilikuwa jingi kaskazini na haba kusini-magharibi. Tofauti ilionekana kutokana na mihogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa sawasawa huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali inayozuia tezi kunasa madini joto. Penye madini ya kutosha, athari hiyo haina nguvu. Kwa hiyo sioni sababu ya kumkataza mtu kabichi au sukuma wiki iliyopikwa, ambazo nazo husemwa huizuia tezi, kama wanavyofanya baadhi ya washauri, ilhali hawajauliza anatumia chumvi gani.

Hilo ndilo swali la kuuliza. Tanzania ililazimisha chumvi ya kula itiwe madini joto katika miaka ya 1990, lakini ile ya wazalishaji wadogo inayopimwa kwa kikombe sokoni huenda haijatiwa. Maafisa afya huwa na kichupa cha maji ya wanga: tone moja juu ya chumvi, na kama madini yamo, chumvi hugeuka zambarau. Ikibaki nyeupe, hayamo. Nyumbani, nunua iliyoandikwa kwamba ina madini joto, iweke kwenye kopo lenye kifuniko mbali na jua na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Usiongeze kiasi, shinikizo la damu nalo lipo.

Zaidi si bora. Chumvi yenye madini joto ilipoanza kuenezwa Kivu na Zimbabwe miaka ya 1990, baadhi ya watu wazima wenye rovu la siku nyingi waliugua kwa homoni kuzidi ghafla. Vidonge vya mwani wa baharini, vinavyoweza kuwa na madini joto mengi, visimezwe kwa kubahatisha.

Mara nyingi, hasa penye chumvi nzuri, tezi hulegea kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia, ugonjwa alioueleza Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912. Hapo chakula hakitoshi. Mgonjwa hupewa levothairoksini, homoni ileile iliyokosekana, na huimeza kwa maji matupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Akishika mimba, aende kupimwa mapema, maana mtoto hutegemea homoni za mama kujenga ubongo katika miezi ya mwanzo na dozi kwa kawaida huongezwa. Vidonge vya madini chuma anavyopewa kliniki avimeze kwa kupishana na dawa hiyo kwa muda wa saa nne, la sivyo vitaizuia isifyonzwe.