Hofu ya hati isiwazibe midomo ndugu zetu walioko Marekani

Familia nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki leo zina mtu wao Marekani: binti aliyeolewa huko, kijana aliyefuata masomo, au msichana aliyechukuliwa na mwajiri kwenda kulea watoto. Furaha ya safari hizo twaijua sote. Linalozungumzwa kwa uchache ni lile linalotokea pale mmoja wao anapopigwa, kubakwa, kufungiwa ndani au kutumikishwa bila ujira, kisha mdhalimu akamwambia: "Ukienda polisi, utarudishwa kwenu."

Maneno hayo yana nguvu kwa sababu hati za mke mara nyingi zimefungamana na za mume, na za mfanyakazi na za mwajiri. Aliyedhulumiwa hujiona hana pa kushika, akanyamaza. Akipiga simu nyumbani, huambiwa avumilie.

Sheria ya Marekani haikuliacha jambo hili bila njia. Tarehe 28 Oktoba 2000, Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kuwalinda waathirika wa biashara haramu ya binadamu na ukatili, nayo ikaanzisha viza mbili. Viza T ni ya waliosafirishwa kwa hila au kwa nguvu ili watumikishwe. Viza U ni ya walioathirika na uhalifu mkubwa, wakawa tayari kuisaidia dola kumfuatilia mhalifu. Hekima yake ni nyepesi kueleweka: polisi hawatamfikia mhalifu ikiwa shahidi wao mkuu anawaogopa polisi kuliko anavyomwogopa aliyemuumiza.

Makosa yanayohusika na viza U yametajwa katika sheria. Miongoni mwake ni ukatili wa majumbani, ubakaji, utekaji nyara, kumfungia mtu kinyume cha sheria, kumtumikisha kwa nguvu, ukeketaji na mauaji. Mwaka 2013 yakaongezwa kumwandama mtu kwa vitisho, na ulaghai katika kuajiri wafanyakazi kutoka nje. Mwombaji athibitishe kwamba aliumia sana kimwili au kiakili, kwamba anayo habari ya tukio, na kwamba amesaidia, anasaidia au yuko tayari kusaidia uchunguzi. Halazimiki kuwa na hati halali za ukaazi wakati anapoomba. Wala si sharti mhalifu awe amehukumiwa.

Mlango wenyewe, hata hivyo, una ufunguo, nao hauko mikononi mwa mwathirika. Ombi haliendi bila fomu maalumu iliyotiwa saini na polisi, mwendesha mashtaka, jaji au mamlaka nyingine inayochunguza kosa hilo, na saini iwe imewekwa ndani ya miezi 6 kabla ya ombi kuwasilishwa. Sheria ya shirikisho haiwalazimishi kusaini. Ndiyo maana kuripoti mapema, na kuhifadhi nakala za ripoti ya polisi, vyeti vya hospitali na jumbe za vitisho, ni jambo la msingi.

Anayekubaliwa hupewa ukaazi wa miaka 4 na ruhusa ya kufanya kazi. Baada ya kukaa nchini miaka 3 mfululizo, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Anaweza pia kumwombea mwenzi wake na watoto wake, hata walioachwa Tanga au Mombasa. Akiwa na umri chini ya miaka 21, anaweza kuwaombea wazazi wake, na ndugu zake wasio na ndoa walio chini ya miaka 18. Tena maofisa wa uhamiaji wamekatazwa kumfichulia mdhalimu habari za ombi hilo, na hawaruhusiwi kumwamulia vibaya mwombaji kwa kutegemea maneno ya mdhalimu peke yake.

Tusizipake rangi habari hizi. Viza U hazizidi 10,000 kwa mwaka kwa waombaji wakuu, bila kuhesabu jamaa zao, na waombaji ni wengi mno kuliko idadi hiyo. Kusubiri huchukua miaka. Tangu mwaka 2021 uliwekwa utaratibu ambao kwao mwenye ombi la kweli anaweza kupewa kibali cha kazi angali akisubiri, lakini ombi lililo mezani si kinga kamili ya kutofukuzwa nchini. Kwa hiyo aanze kwa wakili wa uhamiaji, au kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo.

Pia ajihadhari na wauza njia za mkato. Mwaka 2023 waendesha mashtaka wa Massachusetts waliwashitaki watu kwa kupanga uporaji wa bandia madukani, ili wahudumu wajidai kuwa waathirika na kuomba viza hii. Uongo wa namna hiyo huwaharibia waliodhulumiwa kweli.

Sisi tunaoshughulika na kamati za misikiti tunajua kwamba wazazi hukimbilia sulhu, na sulhu ni jambo jema. Lakini sulhu ni baina ya watu wawili walio salama. Aliyefungiwa ndani, au anayepigwa, kwanza atolewe kwenye hatari. Mashauri ya ndoa yatakuja baadaye.

Basi kabla binti hajapanda ndege, ahakikishe pasipoti yake anaishika mwenyewe, nasi nyumbani tubaki na nakala. Akumbuke kwamba namba ya dharura huko ni 911. Na siku atakapopiga simu akilia, tusianze kumwuliza alimkosea nini mumewe au tajiri wake. Tumwulize kwanza kama yuko mahali pa usalama.