Mbwa Mlangoni, Pumu Chumbani

Sikudhania kwamba mimi, niliyefunzwa chuoni kukusanya kanzu yangu kila nionapo mbwa hata akiwa mbali, ningekuja kusimama kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, nikimuuliza kijana bei ya kitoto cha mbwa. Lakini nilisimama, na bei nikaiuliza.

Binti yangu ameolewa Buru Buru, mtaa wa Eastlands ulioanza kujengwa katika miaka ya 1970, nyumba zimeshikana ubavu kwa ubavu na kila moja ina kiua chake kidogo. Katika muda wa miezi mitatu wezi walimwingilia mara mbili. Mara ya pili waliruka ukuta wa ua wakaung'oa mlango wa jikoni, na wenyewe wamelala juu. Mumewe akasema, basi, tufuge mbwa. Binti yangu akamuuliza, na mtoto je?

Mtoto ni mjukuu wangu wa miaka saba, ana pumu. Ikimshika usiku hukaa kitako, mabega yamempanda, akavuta pumzi kama mtu avutaye ndoo katika kisima kirefu. Nimewahi kulala chumba cha pili nikaisikia sauti ile. Sina haja ya kuieleza zaidi.

Nikaitwa kutoka Mombasa. Mkwe wangu alitaka niseme kwamba dini inaruhusu. Binti yangu alitaka niseme kwamba inakataza. Jambo lenyewe mnalijua. Katika madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alicholamba huoshwa mara saba na mara moja katika hizo iwe kwa udongo. (Wamaliki wana kauli yao nyingine, wala simkatazi mtu kumuuliza shehe wake.) Na sote tumeisoma hadithi ya malaika wasioingia nyumba yenye mbwa, na ile ya thawabu kupungua kila siku kwa mwenye kumfuga. Lakini hadithi hiyo hiyo ya thawabu imemtoa mbwa wa mifugo, wa mawindo na wa shamba, na wanazuoni wetu wengi wakamkisia na huyo wa kulinda nyumba, maadamu haja ipo. Haja ilikuwapo; mlango ulikuwa bado umeegemezwa ukutani. Nikawaambia: mbwa wa ulinzi, na akae nje. Hata yule wa watu wa pango, katika Suratul Kahf, alikuwa kizingitini.

Basi dini haikutushinda. Kilichotushinda ni kifua cha mtoto.

Mkwe wangu alikuwa na jawabu lake. Alikumbuka kwamba Barack Obama, ambaye babake ni mtu wa Kogelo kwetu Kenya, alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 2009 aliwaletea binti zake mbwa, na binti mkubwa, Malia, alikuwa na mzio. Mbwa huyo, Bo, aliyetolewa zawadi na Seneta Edward Kennedy, alikuwa mbwa wa majini wa Kireno, jinsi inayosifiwa kwamba haimwagi manyoya. Mwaka 2013 wakaongeza wa pili wa jinsi hiyo hiyo, Sunny. "Baba," akaniambia, "ikiwa Ikulu waliweza, Buru Buru tutashindwa?"

Ndipo tukaenda Barabara ya Jogoo. Yule kijana alikuwa ameshika kitoto cheupe cha manyoya ya kujikunja, akaapa kwamba hakina mzio. "Mzee, huyu hata mtoto wa pumu analala naye." Shilingi elfu thelathini na tano. Mkono wa mkwe wangu ulikwisha kufika mfukoni. Nikamwambia, mwanangu, ngoja kwanza tukaulize.

Wengi wetu hudhani kwamba kinachomdhuru mtu ni unyoya wa mbwa. Sivyo. Ni chembe za protini zilizomo katika mate yake na katika mba ya ngozi yake. Mbwa hujilamba, mate yakakauka juu ya manyoya, yakawa vumbi, vumbi likapanda hewani na kushika mapazia na magodoro na nguo za watu, hata likachukuliwa kupelekwa katika nyumba isiyofuga mbwa. Mbwa asiyepukutika manyoya bado ana mate, bado ana ngozi. Mwaka 2011 wataalamu wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walitoa matokeo ya vumbi walilolipima katika nyumba zenye mbwa. Zile za mbwa wanaosifiwa kuwa hawana mzio hazikuwa na nafuu yoyote kuliko nyingine. Mwaka wa pili yake Waholanzi wakapima manyoya yenyewe, wakakuta yale ya baadhi ya jinsi hizo zinazosifiwa yana chembe hizo zaidi, wala si pungufu.

Hata huyo aliyeanzisha mtindo alijua. Mwaka 1989 Mwaustralia mmoja, Wally Conron, mfuga mbwa wa kuongoza vipofu, alipata ombi la mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe ana mzio wa mbwa. Akapandisha Labrador na pudeli, wakazaliwa vitoto vitatu. Alichukua mate na manyoya ya kila kimoja akampelekea yule mume ajaribu. Mama mmoja, baba mmoja, na ni kimoja tu kati ya vitatu kisichomdhuru. Kikaitwa Sultan, jina ambalo sisi watu wa pwani hatuwezi kulilalamikia. Miaka mingi baadaye Conron alisema anajuta, kwa jinsi wauzaji walivyoichukua kazi yake wakaigeuza biashara.

Kwa hiyo swali la jinsi gani halina jawabu. Swali ni mbwa huyu, na mtoto huyu.

Daktari alituagiza mtoto aachishwe dawa za mzio siku kadhaa, kisha akamtia matone mkononi, kila tone la kitu chake, na kumchoma kijisindano kidogo juu ya kila tone. Tukakaa yapata robo saa. Penye tone la mbwa palivimba kidogo, mfano wa kuumwa na mbu. Penye utitiri wa vumbi palivimba zaidi. Na palikuwa na tone moja ambalo uvimbe wake ulishinda yote, mwekundu, umepanuka kama sarafu. Binti yangu akauliza ni la nini.

La paka.

Wasomaji wangu, paka huyo nilimleta mimi. Nilimpakata miaka miwili nyuma kutoka Mombasa mpaka Nairobi, nikampa mjukuu wangu kwa mkono wangu, kwa kuwa paka si najisi, ni katika watuzungukao majumbani, na nyumba ya Mswahili bila paka naiona pungufu. Tulimwita Tangawizi kwa rangi yake. Alikuwa akilala juu ya mto wa mtoto. Tulikuwa tumegombana wiki nzima juu ya mnyama ambaye hajaja.

Neno mzio ni la kwetu la zamani. Mabibi zetu walikuwa wakilitumia kwa chakula au kitu kisichopatana na mtu, akakikwepa. Haliulizi halali wala haramu. Mtu huziwa na pweza, na pweza ni halali.

Tangawizi alikwenda Pumwani, Majengo, kwa rafiki yangu asiye na watoto. Mjukuu wangu hakusema nami siku mbili. Daktari alituonya tusitarajie nafuu ya mara moja, maana chembe za paka ni nyepesi na zenye kunata, huweza kubaki nyumbani miezi kadhaa baada ya paka kuondoka. Binti yangu akafua mapazia, akatoa zulia, akatia godoro foronya ya kulifunika lote.

Juu ya mbwa, daktari alisema uvimbe mdogo nao ni uvimbe. Asiingie ndani, abadan. Mtoto akimgusa anawe kwa sabuni. Kumwosha mbwa husaidia, lakini faida yake haipiti siku chache. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: baadhi ya watu hudhurika na chembe itokayo kwa mbwa dume peke yake, kwa hiyo jike huenda akawa afadhali, ingawa si ahadi.

Tukampata jike mtaa wa Umoja, mbwa koko wa rangi ya mchanga, amekwisha kuwa mkubwa, amechanjwa kichaa. Hatukumchukua siku hiyo. Mtoto alipelekwa kukaa naye nusu saa, pale uwanjani kwa mwenyewe, dawa ya kuvuta ikiwa mfukoni mwa mamake. Usiku wake hatukulala, tunasikiliza. Wiki ya pili tena, wiki ya tatu tena. Ndipo akaletwa, akajengewa kibanda pembeni mwa ua, chini ya ule ukuta walioruka wezi.

Mwezi uliopita nilifika kwa basi la usiku, alfajiri bado haijaadhiniwa. Kabla sijagusa lango alikwisha kubweka mpaka taa za majirani zikawaka. Nikakusanya kanzu yangu, nikasimama nje nikingoja. Dirisha la juu likafunguka, mjukuu wangu akatoa kichwa akaniita, "Babu, usiogope, nakuja," na nikamsikia akiteremka ngazi mbio.