Neno "Kupunguza" na Kimeng'enya cha Nitrati katika Bakteria

Katika vyuo vyetu, ambamo sayansi hufundishwa kwa Kifaransa, mwanafunzi akielezwa kwa Kiswahili kwamba kimeng'enya fulani "hupunguza nitrati", hudhani kuwa nitrati imekuwa chache tu. Makala haya yanakusudia kueleza linalotendeka hasa.

Katika kemia, kupunguza kitu ni kukipa elektroni. Nitrati ina atomi 3 za oksijeni. Ikipewa elektroni 2, hupoteza atomi 1 na kuwa nitriti. Bakteria aitwaye Escherichia coli, akaaye utumboni mwa binadamu, hupumua kwa njia hiyo akosapo oksijeni. Kimeng'enya chake kikuu cha kazi hiyo kimo katika utando wa seli, nacho kina chuma na molibdeni.

Je, wataalamu walikichunguzaje? Walitumia sumu. Klorati hufanana na nitrati. Kimeng'enya huipokea na kuigeuza kloriti, ambayo huua. Bakteria wazima hufa. Wachache ambao jeni zao zimeharibika, wasio na kimeng'enya kinachofanya kazi, husalimika. Kasoro yao ndiyo iliyowaokoa.

Waliosalimika walipangwa katika makundi: chlA, chlB, chlD na mengine. Mwaka 1969 Azoulay na wenzake, huko Ufaransa, walichanganya majimaji ya seli zilizopondwa za chlA na za chlB. Kila moja peke yake lilikuwa halifanyi kazi; yalipochanganywa, uwezo wa kupunguza nitrati ulirudi. Kumbe kila kundi lilikuwa na kile alichokikosa mwenzake. Kundi la chlD nalo lilipata nafuu kwa kutiliwa molibdati nyingi tu. Hivyo ikabainika kwamba makundi haya hayakuharibika katika protini ya kimeng'enya chenyewe, bali katika kuingiza molibdeni au kuiunda iwe kiambata ambacho kimeng'enya hukitegemea.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1992 majina yalibadilishwa: chlA ikawa moa, chlB ikawa mob, chlD ikawa mod. Jina la kwanza lilitaja sumu iliyotumiwa. La pili lataja molibdeni, yaani kazi yenyewe.

Hapo pana funzo kwetu tunaounda istilahi. Kabla ya kutafsiri neno, tuulize kitu hicho hufanya nini. "Kimeng'enya kinachoipa nitrati elektroni" ni maneno marefu, lakini hayampotezi mwanafunzi.