Usimnyoe, Mnyonyoe

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti na kuachana kabisa kwa kazi: kunyoa na kunyonyoa. Ukinyoa, unakata unywele na kuuacha mzizi ulipo. Ukinyonyoa, unautoa wote, kama afanyavyo mtu anayemwandaa kuku. Kwa mbwa aina ya teria mwenye manyoya magumu, kuchagua kitenzi kimoja kati ya hivyo ni kuchagua kati ya vazi linalomkinga na mvua na vazi linalolowa kama sufu. Huniuma sana ninapoletewa teria wa miezi sita aliyekwisha kupitishwa mashine kwa sababu tu mwenye mbwa hakuambiwa kwamba ipo njia nyingine, tena angeweza kuifanya mwenyewe jikoni kwake kwa vidole viwili.

Namzungumzia hasa teria wa Border, maana ndiye ninayemshughulikia zaidi. Asili yake ni vilima vya Cheviot, mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Wafugaji wa kule walitaka mbwa mdogo wa kumfuata mbweha hadi ndani ya shimo, lakini mwenye miguu ya kwenda sambamba na farasi. Kennel Club ya Uingereza ilimtambua rasmi mwaka 1920. Dume lake lina uzito wa kilo 5.9 hadi 7.1, na mwili huo mdogo unashinda kwenye mvua na upepo kwa sababu umevikwa mara mbili. Juu kuna nywele ngumu, kavu, ukizishika utadhani makumbi ya nazi. Chini yake kuna malaika, yaani manyoya mafupi, laini, yaliyosongamana. Maji huteleza juu, joto hubaki chini.

Kila unywele una maisha yake. Hukua, husita, kisha hupumzika. Ukifika kupumzika, mzizi wake hugeuka kirungu kidogo kisichopata tena lishe, na unywele unakuwa umeshikiliwa kidogo tu. Kwa mbwa wengi huanguka wenyewe ukaukuta kwenye zulia. Kwa teria wa manyoya magumu hubaki umekwama pale pale, umekufa na hauondoki. Mwaka 2009 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa. Mojawapo, RSPO2, inahusika na manyoya haya magumu pamoja na masharubu na nyusi ndefu zinazompa teria ule uso wa mzee mwenye busara.

Sasa tazama mashine inafanya nini. Unywele mgumu ni mnene na umekolea rangi sehemu ya juu. Karibu na ngozi ni mwembamba na hafifu. Mashine inaondoa sehemu bora na kuacha ile duni, na unywele uliokufa unaendelea kukaa kwenye kinyweleo. Rudia hivyo mara kadhaa utaona rangi inapauka, malaika yanatawala, na matope yanaganda badala ya kukauka na kupukutika.

Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: haumii? Haumii, mradi unywele umeiva. Mchuma karafuu haendi na kalenda, hutazama rangi ya tumba. Nawe tazama mgongo wa mbwa wako. Manyoya yakianza kugawanyika kwenye uti wa mgongo, yakasimama ovyo kama nyasi zilizopigwa na upepo, shika nywele tatu au nne kwa ncha na uzivute. Zikija bila ubishi, wakati umefika. Zikigoma, mwache, ujaribu tena baada ya wiki moja au mbili. Mtoto wa mbwa wa aina hii mara nyingi huwa tayari kwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitano hadi saba.

Usimwoshe kabla, kwa kuwa shampuu hulainisha nywele zikakuponyoka. Mchane kwanza kwa kitana. Mweke juu ya meza yenye mkeka wa mpira asiteleze, na usimwache hapo peke yake hata kwa kufumba na kufumbua. Mkono mmoja ukaze ngozi nyuma ya mahali unapovuta. Hili ndilo jambo ambalo wanaoanza hulisahau, na ngozi inayovutwa pamoja na unywele ndiyo inayouma. Kwa mkono mwingine shika nywele chache karibu na ncha, kati ya kidole gumba na cha shahada, uvute moja kwa moja kufuata ulalo wake. Kifundo cha mkono kisipinde, nguvu itoke kwenye mkono mzima. Vidole vikiteleza, paka chaki kidogo au vaa vifuko vya mpira vya vidoleni, vile wanavyotumia wahesabu fedha. Visu maalumu vyenye meno butu vipo, ila anayeanza navyo hukata nywele bila kujua. Anza na vidole, vitakufundisha mengi zaidi.

Anzia mabegani na mgongoni, ambako ngozi ni nene. Kinenani, sehemu za siri na katikati ya vidole vya miguu tumia mkasi wenye ncha butu. Usipavute kabisa.

Kwa mbwa mchanga, dakika kumi kwa siku zatosha. Hili nilijifunza kwa kukosea. Miaka ya mwanzo nilipewa jike la miezi mitano, nywele zake zikawa zinakuja vizuri mno nikanogewa, nikaendelea karibu saa nzima. Mwanzoni alikuwa amelegea, kidevu juu ya mkono wangu. Kisha akaanza kulamba midomo na kugeuza kichwa pembeni, nami sikusoma ishara hizo. Nilipomshusha, ubavu wake mmoja ulikuwa umeiva wekundu. Ngozi ilipoa kwa siku mbili. Kuiogopa meza kulichukua miezi, na ilibidi nimlishe vipande vya jibini juu ya meza hiyo kila siku bila kumgusa unywele hata mmoja. Tangu hapo naacha kazi angali anaifurahia, hata kama ubavu mmoja umebaki na manyoya na mwingine hauna. Aonekane kichekesho kwa wiki moja, hakuna ubaya.

Wapo wasiostahili kuvutwa. Mwenye vipele, vidonda au ukurutu amwone daktari wa mifugo kwanza. Mzee asiyeweza kusimama, au mgonjwa, mnyoe kwa mashine bila kujilaumu. Starehe yake inatangulia uzuri wa vazi. Na mbwa waliohasiwa, wengine manyoya yao hugeuka kama sufu hata uvute namna gani.

Ukimaliza, utabaki na mnyama mdogo wa ajabu aliyevaa malaika matupu, amepauka, amekonda kuliko ulivyomjua. Usiyaondoe malaika hayo. Mvalishe koti kukiwa na baridi, umkinge na jua kali la mchana, na kumwosha subiri siku kadhaa vinyweleo vitulie. Kagua ngozi, maana sasa kupe hana pa kujificha.

Kisha, baada ya wiki chache, mpitishie kiganja mgongoni kutoka mkiani kwenda shingoni. Utahisi vijiti vifupi, vigumu, vikikukwaruza. Mpeleke dirishani penye mwanga utazame: katikati ya malaika yaliyopauka, ncha nyeusi zimeanza kutokeza.