Maji ya Handeni

Wenzetu wa visiwani wapendao kutembea bara hukimbilia Arusha, na basi likipita Korogwe wao huwa usingizini. Sisi tulikuwa wanne, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Tulivuka kutoka Pemba hadi Tanga, tukateremka Korogwe mchana kweupe.

Korogwe wana mto. Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, unapita pale pale, na mashamba ya mkonge hayako mbali. Katika mto huo ndimo yatokamo maji ya bomba yapelekwayo Handeni, kwa mradi uliojengwa miaka ya 1970. Watu wameongezeka, mradi umezeeka. Mwaka 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya maji ya miji 28, na Handeni imo.

Barabara ya kwenda huko ni ya lami. Hatuna la kuisimulia. Tulipofika, bibi mmoja wa Kizigua alitutekea maji kwa kata. Tukanywa, na mwenzetu mmoja akanawa uso. Ndipo tulipomwona mjukuu wa bibi akinyanyua dumu tupu, jua la utosi.

Sisi tuliozaliwa katikati ya maji ya chumvi hatukustahili kungoja kufunzwa jambo hilo. Nao waheshimiwa wanaokagua miradi kwa gari, twawaomba siku moja wafike kwa miguu, wapange foleni na dumu hadi zamu yao ifike.

Yule aliyenawa uso ndiye aliyebeba dumu la pili.